Ndoo za Mama

Juzi, nikipita Miritini, nilimwona mama mmoja akiingia lango la shule na ndoo ya maji kichwani, nikaisikia tena harufu ya saruji mbichi.

Mchana mmoja nikiwa bado mwanafunzi, kule Mikindani, mwalimu aliwarudisha nyumbani wenzangu ambao wazazi wao hawakuwa wametoa mchango wa hiari wa kujenga darasa. Mimi niliona wamepewa likizo. Walitoka mbio wakinicheka, "Baki na vitabu vyako wewe!" Nilibaki kwa sababu mama, aliyekosa pesa, alikubaliwa kuwachotea mafundi maji. Kupitia dirishani nilisikia maji yakimwagika kwenye mchanga, na mama akihema.

Nilipotoka nilimnunia. "Mama, mbona hukuniacha nikacheze kama wenzangu?"

Alitua ndoo, akacheka mpaka leso ikamlegea. "Wewe soma, mwanangu. Kucheza kupo tu."

Likizo ile nilikuja kuipata baadaye, nilipoacha shule nikaanza kuzurura. Mpaka leo siwezi kupita dirisha la darasa bila kusimama kidogo, nisikie wanafundishwa nini.