Brigedia Alijua Baba Yuko Wapi

Juzi basi lilipita karibu na ile nyumba ya matofali kule Bethesda, nje kidogo ya Washington, na kabla sijajizuia nikawa nimesimama kama mtu anayeshuka. Sina kazi hapo tena, ni miguu tu imezoea. Nikakaa, nikasimama tena, mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Hebu nikueleze kilichonipata mle ndani, na unisamehe mwandiko, maana shule niliishia darasa la tatu.

Ajensi ndiyo ilinipeleka, miaka minne iliyopita, nimtunze mzee wa Kiingereza aliyekaa kwa binti yake. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Binti akamwambia baba yake kwamba natoka Kenya. Mzee akafungua jicho moja.

"Mama, lete chai. Pesi pesi."

Swahili hiyo sikuwa nimeisikia tangu utoto. Ni ya kuamrisha tu. Kabla haijafika kwetu tulikuwa na kilima chetu, nyumba zimetawanyika, kila moja na moshi wake. Nyanya alichoma viazi vitamu kwenye majivu, akavipasua kwa kidole gumba, na mvuke ukatupiga usoni. Mbuzi walilala ndani na sisi, unawasikia wakitafuna nyuma ya fito. Kazi yangu ilikuwa kuni na kusugua vibuyu vya maziwa. Nilikuwa nikilalamika, eti kuni ni nzito.

Halafu askari wa mkoloni, wakisaka wapiganaji wa msituni, wakachoma nyumba zote wakatupanga kwenye kijiji cha mistari, na mama zetu wakachimba handaki kukizunguka, na vijiti vya mianzi vilivyochongwa chini yake. Sisi watoto tulibeba udongo kwa karai. Firimbi ikilia asubuhi, umechelewa tayari. Mzungu mmoja, meja, alitembea ukingoni na fimbo fupi. Pesi pesi, pesi pesi.

Asubuhi moja wanaume saba walipandishwa lori. Aliyewanyooshea kidole alikuwa hedimani wetu, msimamizi aliyewekwa na Wazungu, na jina lake naliandika makusudi: Kariithi. Siku hizi kuna barabara inayoitwa kwa jina lake. Baba alikuwa wa nne kupanda. Hakurudi.

Sasa, binti wa mzee alitaka kuwatengenezea wajukuu kitabu cha maisha ya babu yao, kwa hiyo kila alasiri kazi yangu ilikuwa kumshikia albamu. Kijana mwembamba Burma. Kapteni msituni Malaya. Kanali kwenye theluji ya Ujerumani. Brigedia hapa Washington, ubalozini, kifua kimejaa nishani. Kati ya Malaya na Ujerumani palikuwa na ukurasa mmoja tu: vibanda vya mistari, handaki, wanawake wameinama, na meja ukingoni na fimbo fupi. Mzee wangu, Brigedia Thornby, na huyo pia namtaja, akaweka kidole.

"Kijiji yangu. Mzuri sana."

Mama yangu alikuwa angali hai, na kila Jumapili nilimpigia kwa kadi ya simu. Miaka yote aliniambia jambo moja. "Siwezi kufa nikiwa mke wa mtu aliyetoka tu." Nilipomwambia nimempata nani, akasema, "Muulize. Usimpige, muulize."

Jirani yangu kule ninakokaa, Langley Park, Mtanzania, naye mtunza wazee, alinicheka. "Dada, nyie Wakenya mnauliza kama polisi. Mpe shikamoo kwanza, umlainishe."

"Huyo nimpe shikamoo?"

"Si unataka jibu? Basi meza mate utamke."

Nikameza. Wiki tatu nzima: shikamoo mzee, naomba kukuuliza, tafadhali. Alinitazama kama mtu anavyotazama mvua dirishani. "Mimi hapana jua." Nikadhani ananificha, na siku moja nikamsugua mgongo mpaka ukawa mwekundu, halafu nikaona aibu. Polepole nikagundua kwamba hakuwa akinielewa hata kidogo. Katika kazi yake yote hakuna aliyewahi kumfundisha Swahili ya watu kuombana.

Basi alasiri moja nikasimama miguuni pa kitanda, mgongo wima, sikusalimu.

"Meja. Watu saba. Lori. Weka wapi? Sema, pesi pesi."

Mzee akanyooka, mikono ikalala sawa juu ya blanketi. Kidole kikaenda kwenye picha, pembe ya handaki, chini ya mnara wa walinzi. "Hapa. Chini. Kesho yake bibi na toto funika." Kisha akaomba chai.

Ndipo nikakumbuka. Siku iliyofuata ile ya lori tuliambiwa pembe hiyo imechimbwa vibaya, ifukiwe. Tulifurahi, kufukia ni rahisi kuliko kuchimba. Watoto tuliambiwa turuke juu ya udongo ushikane, na Kariithi akatugawia vipande vya miwa. Mimi niliruka kuwashinda wote.

Nilichemsha chai, nikampa, nikatoka nje bila koti.

Jumapili nikamwambia mama, "Ni ile pembe ya mnara."

"Pale tulipofukia."

"Ndiyo, mama."

Akasema, "Basi nilimzika mimi. Si Kariithi, si askari. Mimi na watoto wake." Sikumkumbusha kuhusu kuruka. Alikuwa akikumbuka.

Brigedia alikufa majira ya kuchipua. Gazeti likaandika maisha yake, cheo baada ya cheo, na Kenya ikapata mstari mmoja. Binti alinialika kwenye ibada, sikwenda.

Nyumbani kilima kimejaa maduka, mto ni uzi tu, vibuyu vimekuwa vya plastiki. Ile pembe iko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kaka yangu anasema mama alikwenda pale na kigoda chake akakaa tangu asubuhi, unga ukimwangukia kichwani, mpaka mwenye kinu akatoka kumuuliza, "Nyanya, unangoja nani?"

Akamjibu, "Nilikuwa nikingoja. Sasa nimekaa tu na mume wangu."