Uwanja wa Bibi

Juzi nilipita Ilala, kwenye mtaa tuliokulia. Nyumba ya bibi sasa ni ghorofa la maduka, ila macho yangu yalitafuta ufagio wake wa chelewa.

Kila alasiri alinyunyiza maji, vumbi likatoa harufu ya mvua, kisha akafagia uwanja mpaka katikati ya barabara. Magari yalipiga honi, hakugeuka. Nilidhani serikali imempa adhabu, nikaona aibu mbele ya wenzangu.

Alasiri moja nikamuuliza, "Bibi, kwa nini unafagia barabara?"

"Barabara gani? Tulipofika hapa na babu yako palikuwa pori. Uwanja huu tuliufyeka wenyewe mpaka kule ng'ambo. Barabara ilitukuta."

Juzi nilisimama pale katikati. Bodaboda ikanipigia honi. Nami sikugeuka.