Ndimu za Mkemia

Hili hamtaliamini, ila mimi nilikuwepo. Mpangaji wangu ni mkemia, anatafuta dawa ya bakteria sugu huko maabara. Jioni huchukua ndimu yangu moja akaichomeka njiti nne zenye ncha za rangi tofauti, kisha hutengeneza nyingine iwe kama taswira ya ile ya kwanza kwenye kioo. Huzigeuza taratibu kwa vidole vyembamba, kama anayekagua mayai.

"Mjomba, chukulia hizi ni molekuli mbili za dawa; si sawa," husema kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Hii ya kushoto inaingia kwenye kimeng'enya cha bakteria, kile kinachomfanyia kazi, na kukiziba. Hiyo ya kulia haikai."

"Haikai vipi, na ndimu ni zilezile?"

Hapo huinama akazipanga vizuri ndara zangu, ambazo mimi huziweka kinyume makusudi nimchokoze. "Haya, zivae kinyume uende nazo hadi Mbegani, uone kama zitakukaa." Hawezi kupita ndara zilizopishana, hata akiwa na ndoo kichwani.

Mwezi mzima alingoja majibu ya majaribio. Yakiwa mabaya, kazi yake yote inamwagwa. Jana aliingia akicheka peke yake, akaziruka ndara zangu bila kuziona, na zake mwenyewe kazivaa kinyume. Nikajua.

Leo nawasimulia majirani barazani: dawa ya kushoto imefyeka bakteria, ya kulia wanaogelea tu ndani yake, na ni mimi niliyemwambia ashike ya kushoto, tukaingia wote maabara, nikavaa koti jeupe, nikashika ile—

"Ndimu, mjomba," akasema kutoka mlangoni. "Ulishika ndimu."