Aya Ninayoisoma Mara Mbili

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu madrasa kule Gongoni. Nikamwona anakaa mkeka wa mbele, sambamba na wavulana, msahafu wazi mbele yake. Nilisimama mlangoni nikishangaa mpaka dereva wa bajaji akanipigia honi.

Mwenzangu, ungeiona madrasa hiyo enzi zetu! Wasichana tulitangulia kufika, tukajaza mtungi wa maji ya udhu. Tulisomeshwa nyuma ya pazia la kanga, na ukimaliza Juzuu Amma, zile sura fupi za mwisho wa msahafu, basi. "Inawatosha kwa sala," maalimu alisema, bila ubaya wowote. Wavulana waliendelea na msahafu mzima, nasi tukapewa ufagio.

Mimi nilitaka kuendelea. Nilimlilia bibi, naye akiwa anaanika matobolwa ya viazi uani akanijibu tu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Basi nikainama. Nilifagia chini ya dirisha la wavulana, taratibu mno, vumbi likinipalia, masikio yangu yako ndani.

Alasiri moja maalimu akanifuma nikisoma sura ya Yasini kwa moyo huku nafagia. Nikajua leo nimepatikana.

"Endelea," akasema.

Nikasoma hadi mwisho. Akaniuliza mbona aya moja nimeisoma mara mbili.

"Si ndivyo inavyosomwa, maalimu?"

Akaangua kicheko. Kumbe pale ndipo wavulana walipokuwa wakikosea kila siku, naye akiwarudisha waisome tena. Mimi nilidhani sura yenyewe iko hivyo.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, maalimu. Nilikuwa hapa nafagia."

Kicheko kikakatika. Alinitazama, mtu mzima yule, machozi yakimlengalenga. Sijawahi kuona tena uso kama ule. Kisha akauchukua ufagio wangu, akamkabidhi mvulana mkubwa kuliko wote, akaenda kulifungua pazia kwa mikono yake.

Maalimu ametangulia mbele ya haki, na bibi pia. Mtungi haupo, siku hizi kuna bomba. Binti yangu hajui kama palikuwa na pazia, na wavulana anaosoma nao wanafagia zamu yao bila kununa. Ila mimi nikisoma Yasini, nikifika pale, aya ile naisoma mara mbili. Ya kwanza ni yangu. Ya pili namsomea maalimu.