Msiba wa Uswidi

Kornelia, binti wa mzee Ildefonce wa Mwika, alipoteza kazi mara mbili. Ya kwanza walipunguzwa wengi, miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kupanda milimani na mizani zao, na ofisi za kahawa mjini Moshi, alikokuwa mpiga chapa, zikakonda. Hiyo hakuisemea sana. Ukilia katikati ya kundi, kilio chako hakisikiki. Ni ya pili iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Baada ya ile ya kwanza alipanga chumba mtaa wa Majengo, akawa anawapigia watu chapa barua zao. Kompyuta zilipoingia hakungoja kuitwa. Alijifunza huku vijana wakimcheka. Mwaka elfu mbili na mbili chuo kimoja pale mjini kikamchukua. Kulikuwa na mradi mpya: wanafunzi wa Moshi wasome pamoja na wanafunzi wa chuo cha Uswidi kwa mtandao, bila mtu kupanda ndege. Wawili wa huku na wawili wa kule walifanya kikundi, waandike habari za maji. Wa kwetu waeleze mifongo, ile mifereji waliyochimba wazee kuleta maji kutoka msituni hadi migombani. Wale waeleze mabomba yao. Wahadhiri waliikwepa kazi hiyo kwa kuwa haikuwa na posho. Akapewa Kornelia aiendeshe, kwa mkataba wa mradi: mradi ukiwapo yupo, ukifa amekufa nao.

Na aliiendesha. Kila Jumatano walikutana kwenye chumba cha kompyuta, wakaandikiana na wenzao papo kwa papo. Mwanzoni saa nzima ililiwa na salamu. Mtoto wa Moshi anauliza habari za nyumbani, za baba, za mama, za masomo, za baridi. Mswidi anajibu "nzuri" kisha ananyamaza, hajui arudishe nini. Mara laini ya simu inakatika, wote wanarudi bwenini. Kornelia akaweka sheria: salamu zitumwe Jumanne kwa barua pepe, Jumatano ni maji tu.

"Mama, tutaonekana hatuna adabu," alilalamika Gladness, mwanafunzi mwenye ulimi kuliko wenzake.

"Adabu yako iandike Jumanne mpaka ichoke."

Kule Uswidi aliyeendesha mradi alikuwa Birgitta, mwalimu wa rika lake. Hawakuwahi kuonana, lakini waliandikiana karibu kila siku, kwanza mambo ya kazi, baadaye mambo ya magoti yanayouma na watoto wasiopiga simu. Kornelia alikuwa na ndugu wa damu wasiojua nusu ya aliyoyajua Birgitta.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, Birgitta akaandika: "Mama yangu amefariki jana. Naomba radhi nikichelewa kujibu."

Kornelia alishika kichwa. Akaenda moja kwa moja kwa Dakta Wenseslaus, mkuu wa idara. Dakta akavua miwani, akasema mbele ya watu:

"Msiba ni msiba. Mfiwa hasumbuliwi na mambo ya kazi. Mwandikieni pole. Ripoti za maji zingoje mpaka azike."

Hakuna aliyeuliza swali. Huku mlimani, mtu akiwa hajazikwa, ni nani anashika jembe? Hata mgomba wa jirani humwagilii. Wanafunzi wote wakatia majina kwenye barua ya pole, Kornelia akamwombea marehemu misa parokiani, na chumba cha kompyuta kikafungwa. Baada ya siku chache akauliza kwa adabu kama mazishi yalikwenda salama. Jibu likaja: bado, yatakuwa mwezi ujao.

"Mwezi ujao!" Gladness akaruka. "Kwani wanamngoja nani, Mama? Ana nduguze mbinguni washuke?"

"Labda ardhi imeganda, jembe haliingii," akasema Tito, mhadhiri msaidizi, akicheka.

"Msiba hauchekwi, Tito."

Wakangoja. Katikati ya kungoja, Birgitta akaandika kuulizia ripoti. Kornelia alishtuka, akaichapa barua ile akampelekea Dakta.

"Huyo kachanganyikiwa na uchungu," Dakta akasema. "Mfiwa husema mengi. Mpe pole tena."

Akampa pole tena. Barua ya pili ya kuulizia ilipokuja, akarudi kwa Dakta, akajibiwa yale yale. Moyo wake ulikuwa unamnong'oneza kwamba kule mambo huenda yana utaratibu wake. Lakini mkubwa akishasema, mdogo atasemaje? Siku ya mazishi alifunga kitambaa cheusi kichwani, akakaa chumbani kwake Majengo kama mfiwa. Kesho yake chumba kikafunguliwa, ripoti zikatumwa zote, nene, na michoro ya mifongo.

Zilipofika, tarehe ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Wakubwa wa Birgitta waliandika kwamba wanafunzi wao wamesahihishwa bila wenzao. Chuo kieleze sababu, au mradi uhamie kwingine.

Dakta akaitisha kikao. "Nani aliwaambia msimamishe kazi?"

"Wewe, Dakta."

"Mimi nilisema mpeni pole. Sikusema mfunge chumba."

Tito akatazama viatu vyake. Watu walipotoka, Dakta akamzuia Kornelia mlangoni, sauti imelainika. "Mama, andika umeme ulikatika. Wazungu hilo wanaliamini hata kabla hujamaliza kulisema."

"Na pole nilizotuma siku zote hizo, nilizituma kwa kibatari?"

"Andika, Mama. Mradi utapona."

"Sitamzika mama wa mtu kwa uongo."

Akaandika kweli yote. Birgitta alimjibu mwenyewe: "Sikuwaomba mningoje. Kazi ndiyo iliyonishikilia nisianguke. Nilikuwa nakaa peke yangu nangoja Jumatano, nanyi hamkuja." Wakubwa zake walisema sababu kama hiyo hawawezi kuiandika popote.

Kisha Tito akaandika, kwa sahihi ya Dakta, kwamba transfoma ya chuo iliungua, zile pole zikatumwa kutoka intaneti kafe mjini, na kwamba yule mama mtu mzima aliona aibu kuitaja aibu ya nchi yake, akatunga habari ya matanga. Wakaamini. Mradi ukafufuka, ukapewa Tito. Kornelia akaambiwa mkataba mpya unataka mtu mpya. Alitoka na mfuko mmoja, na mlinzi akaupekua.

Nazlin, binti wa Kihindi mwenye intaneti kafe mjini, akampa kazi ya kuwafungulia wateja mashine. Alimlipa vizuri, hakumwuliza mengi. Mchana mmoja Gladness akaingia, akakuta barua ya Birgitta imefunguka mbele ya Kornelia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa usome, si siri."

Ilikuwa mistari miwili: "Wanasema ulikuwa umeme. Niambie wewe, mlimwomboleza mama yangu kweli, au ulikuwa umeme?"

Gladness alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Mama, ukisema ukweli atawaambia wakubwa zake. Sisi tunamaliza mwezi wa saba. Mradi ukifutwa sasa, alama zetu zimekwenda."

"Kwa hiyo?"

"Sijasema kitu, Mama."

"Umesema."

Kornelia alikaa akitazama maneno yale. Kuna mwanamke mmoja duniani aliyetaka kujua kama mama yake alililiwa Kilimanjaro, na kuna watoto ishirini waliolia naye ambao wangelipa kwa jibu hilo. Alivuta kibodi. Alipiga chapa kama alivyofundishwa ofisi ya kahawa, vidole vyote, bila kutazama.

"Ulikuwa umeme, Birgitta. Nisamehe kwa kukudanganya."

Akatuma. Gladness akaanza kulia, akataka kumshika mkono, Kornelia akauondoa.

"Usinililie. Mashine namba tatu iko wazi. Nenda kaandike maji yako."

Birgitta hakumwandikia tena.