Nati Mbili Ndani ya Diski

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nikiuziwa machungwa kumi nayahesabu mbele ya muuzaji, halafu nayahesabu tena nikifika kwenye kona ambako hanioni, ili asidhani namshuku. Hapa dukani kwangu Voi, ninapochapa na kupiga picha za pasipoti, hata skrubu za mashine nazihesabu nikizitoa na nikizirudisha. Kwa hiyo nikieleza jinsi nilivyoipoteza sauti ya mume wa mtu, sisemi nilikuwa mzembe. Natamani ningekuwa mzembe. Ningejua la kurekebisha.

Mwenye mume ni mama mmoja wa Chawia, kule juu milimani. Mzee wake, kabla hajafariki, alijirekodi kwenye simu mara kumi na moja, kwa Kidawida. Wazazi wangu walitoka bara na Kidawida changu ni cha sokoni, lakini mama alinieleza yaliyomo. Hayakuwa mambo makubwa. Mti upi ukatwe na upi uachwe, jembe zuri liko wapi, na jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza akiwa amejitwika kuni, asimsaidie. Simu ilipoanza kufa, mama aliniletea kadi yake ya kumbukumbu. Nikaziingiza rekodi kwenye kompyuta yangu, nikamrudishia kadi.

"Mpe mjukuu aitumie, mama," nikamwambia. "Hapa kwangu haziwezi kupotea."

Mjukuu aliijaza nyimbo siku hiyo hiyo.

Tangu hapo, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, mama alishuka na sweta lake ambalo hata joto la Voi halijawahi kumvua, akaniletea kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kwenye bakuli lenye kifuniko, akavaa hedifoni. Rekodi ya kwanza ni fupi. Mzee anasalimu, "Kwawuka," kisha anauliza kama simu inachukua. Mama huiitikia ile salamu kwa sauti, wateja wakigeuka kumtazama. Halafu anazisikiliza zote kumi na moja. Siku moja nilimuuliza kama hachoki kusikia yale yale.

"Alipokuwa hai pia alikuwa anarudia," akasema.

Sasa, kompyuta yangu hutumia mfumo wa Unix. Aliniwekea mwalimu mmoja kabla hajahamishwa, akaniachia amri zake kwenye daftari la kurasa thelathini na mbili. Ni mfumo wa watu wasiopatana bei. Unaandika amri, unatekeleza, haukuulizi mara ya pili. Ulinifaa miaka mingi, mpaka diski ikajaa. Picha za pasipoti, programu za mazishi kutoka Mbololo hadi Mraru, vyeti vya watu waliokwisha kustaafu, vyote vilikuwa humo. Hata nafasi ya kuhifadhi nakala ya pili haikubaki. Nikaenda kwa jamaa anayeuza vifaa vilivyotumika karibu na steji.

"Hii ni terabaiti mbili, mzee," akasema. "Mpya."

"Mpya na ina mikwaruzo?"

"Mikwaruzo ni ya safari. Wewe ukitoka Nairobi kwa basi huwa unafika bila mkunjo?"

Nikaipima mkononi. Ilikuwa nzito, nami najua kitu feki huwa chepesi. Nikatafuta skrubu nizihesabu, hazikuwepo, kasha lilikuwa limebanwa tu. Akataja bei, nikaikata nusu, akacheka, nikaondoka hatua sita, akaniita. Mwishowe tukaelewana nilipe kidogo, na nikishahamisha vitu vyangu nimpelekee diski ya zamani. Ndivyo tunavyonunua huku, kipya hakitoki bila cha zamani kurudi. Nilirudi dukani nikijiona mjanja.

Jumamosi asubuhi nilifungua daftari la mwalimu, nikaandika amri ya kunakili herufi kwa herufi, nikaisoma kutoka kushoto, nikaisoma kutoka kulia. Hofu yangu ilikuwa stima. Nilikaa hapo mchana kutwa kama mtu anayechunga maziwa jikoni, na stima haikupotea hata dakika moja. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Ilipoisha nikahesabu. Diski ya zamani ilikuwa na faili elfu arobaini na moja mia mbili na sita. Mpya, idadi hiyo hiyo. Nikahesabu tena, ikarudi vile vile. Nikafungua rekodi ya kwanza ya mzee. "Kwawuka," akasema. Nikaiwasha mashine kwa diski mpya, ikawaka vizuri.

Mtu wa mjini hampi mwenzake diski yenye vyeti vya watu. Nikaandika amri nyingine, ile ya kuifuta diski ya zamani yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa kuiandika sifuri tupu. Na kwa kuwa ni mimi, nikaifuta mara mbili, ndipo nikampelekea yule jamaa.

Siku ya nne mteja alitaka programu ya mazishi ichapwe upya. Jina la faili lilikuwepo, ukubwa wake ulikuwepo. Ndani hamkuwa na kitu. Nikafungua nyingine, tupu. Nikaenda kwenye rekodi za mzee. Ya kwanza ikalia. Ya pili mashine ikasema hiyo si sauti. Ya tatu, vivyo hivyo. Nilijaribu zote mpaka ya kumi na moja, halafu nikaanza tena kutoka ya pili, kana kwamba zingenionea haya.

Nikalibandua kasha kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ndogo, nduguye ile ya simu ya mama, na kando yake nati mbili za chuma zimebandikwa kwa gundi. Hizo ndizo nilizozipima mkononi. Kadi ilikuwa imefundishwa kudanganya. Ilipokea mzigo mpaka ikajaa, kisha ikaendelea kuandikisha majina huku mizigo ikiitupa. Mimi nilihesabu majina.

Nilienda kwa yule jamaa nikiwa na maneno yangu nimeyapanga. Akaziangalia zile nati muda mrefu.

"Hata mimi niliuziwa hivyo hivyo," akasema. Akafungua droo, akanirudishia pesa zangu zote na diski yangu ya zamani, bila kubishana. Sijawahi kurudishiwa kitu Voi bila kubishana. Yule mtu alikuwa ananipa pole.

Kwenye diski ya zamani nilitafuta siku mbili. Sifuri, halafu sifuri. Nilikuwa nimefanya kazi safi.

Jumanne ikafika kama zinavyofika. Mama aliingia na sweta na kimanga, akakaa, akanyoosha mkono apewe hedifoni. Sikumpa.

"Mama, rekodi zimepotea. Imebaki moja."

"Ipi?"

"Ile ya salamu."

Akalikunja pindo la sweta. "Si ulisema ulikuwa unahesabu kila kitu?"

"Nilihesabu, mama. Mara mbili."

"Na ulizisikiliza?"

"Moja tu."

"Ile ya kuni?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na maelezo ya kadi na nati, nikayaona hayana kazi. Nilitaka aseme kitu kikali ili nipate pa kuanzia, kwa maana mtu akikutajia bei, hata iwe kubwa vipi, mna la kuzungumza. Hakutaja bei.

"Niwekee hiyo iliyobaki," akasema.

Nikaiweka. Akaitikia salamu kwa sauti, kama kawaida. Mzee akauliza kama simu inachukua, ikaisha. Mama hakuvua hedifoni. Akanionyesha kwa kidole nirudie, nikarudia, akaitikia. Mteja aliyekuja kupiga picha alikaa kwenye benchi akasubiri bila kuambiwa. Nilibonyeza, akaitikia, nikabonyeza.

Alipovua hedifoni aliziweka juu ya meza taratibu, akanisogezea bakuli la kimanga, akatoka kwenda kutafuta gari la kupanda. Alikuwa ameitikia mara kumi na moja. Hesabu hiyo sikuirudia.