Profaili yangu ya kwanza mtandaoni iliniita nahodha wa mto Kilombero

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Laiti ningemwambia Dada Tekla, "Hilo usiandike," leo nisingekuwa na uzi wa kuwaletea. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Andika."

Wiki hii nimewasoma vijana humu mkiulizana namna ya kujenga profaili nzuri kwenye mitandao ya kazi. Mmoja akashauri, "Ongeza chumvi kidogo, nani atakagua?" Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu. Mimi ni mzee, niliishia kidato cha nne, na sina tena sababu ya kumdanganya mtu. Nitakayosema yalitokea, na mwenye kosa ni mimi.

Ilikuwa Ifakara, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa stoo kwenye mradi mdogo wa kuchunguza maji na samaki wa bonde. Mradi wenyewe ulishakufa.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Mlabani. Kompyuta ilikuwa moja, na jioni ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Internet hatukuwa nayo. Wafadhili wa ng'ambo walitaka maelezo ya kila mfanyakazi: picha, elimu, skills, experience. Tekla, katibu wetu, anachapa, anaweka kwenye disketi, disketi inapanda treni kwenda Dar, na huko ndiko wanaipandisha mtandaoni.

Zamu yangu ilipofika, Tekla aliuliza kwa sauti, "Kaka, kwenye ujuzi niweke nini? Kuhesabu madumu?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikaona aibu.

"Andika nahodha wa boti ya injini. Miaka minane."

"Nyie watu wa Mahenge, huko mlimani mnaendesha boti kwenye migomba?"

"Andika, dada."

Akaandika.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshika mpini wa injini mara mbili tu, tena kiangazi, maji yametulia. Kuogelea sijui mpaka leo.

Aliyeujua mto ni shemeji yangu Benedikti, kaka wa mke wangu Skola. Mndamba wa bondeni, mvuvi, shule aliachia darasa la nne. Kule wavuvi husimika nguzo mtoni na kufunga nyavu kati yake. Kiangazi unaziona. Masika maji yanazifunika, na anayejua zilipo ni aliyezisimika na wenzake. Hakuna ramani.

Basi profaili ikaanza kufanya kazi. Wafadhili wakaisoma, nikatolewa stoo nikapewa boti. Hapo ndipo hofu ilipoanza. Nilikwenda kwa Benedikti nikamwambia, "Shemeji, nisitiri."

Alicheka sana, kisha akakubali. Tukapanga akae mbele kama kibarua. Akiweka mkono ukingo wa kulia, nakata kulia. Akiweka wa kushoto, nakata kushoto. Mimi nashika injini, yeye anashika mto. Tulikwenda hivyo miezi kadhaa na hakuna aliyegundua.

Lakini wakuu, sikulala vizuri hata siku moja. Barua ikifika kutoka ng'ambo, natafuta kwanza jina langu ndani yake. Asubuhi, kabla ya chai, nakwenda kuangalia rangi ya maji. Nilikuwa naogopa mto, na nilikuwa naogopa zaidi kuumbuka.

Masika yakaja, na wageni wawili wakaja nayo. Walitaka kuona mafuriko juu ya mto. Mmoja alikuwa ameshika karatasi iliyochapwa, yenye picha yangu.

Benedikti alisimama pale kivukoni akatazama maji kwa muda mrefu.

"Mto umebeba majani mengi leo. Waambie kesho kutwa."

"Kesho wanaondoka na treni."

"Basi waambie hujui, shemeji. Hawatakumeza."

Alisema kwa upole kabisa. Nikaitazama ile karatasi. Nikasema, "Panda twende."

Majaketi ya kuokolea yalikuwa matatu, kwa watu watatu walioandikwa kwenye safari. Benedikti hakuwa kwenye orodha yoyote. Nikamnyooshea langu akalisukuma.

"Vaa wewe, mtu wa mlimani. Ukizama, dada yangu atanilaumu mimi."

Mgeni mmoja akakaa mbele na kamera yake. Benedikti akasogezwa katikati, nyuma ya masanduku ya vifaa. Mikono yake sikuiona tena. Ikabidi aseme.

Mara ya kwanza alisema chini chini, "Kushoto, shemeji." Nikakata. Mgeni wa mbele akageuka, akaniuliza kama yule ndiye anayeujua mto. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba bado anajifunza.

Sijui kama Benedikti alielewa.

Mara ya pili alipiga kelele. "Kata kushoto! Kushoto, kuna nguzo!"

Nilisikia. Naomba hapa msinitetee, nilisikia vizuri. Nikangoja kidogo ili ionekane nimekata kwa akili yangu mwenyewe. Muda wa kumeza mate tu.

Pangaboi ya injini ikanasa kwenye kamba ya wavu. Injini ikazima. Boti ikageuka ubavu kwa mkondo, maji yakaingia, tukapinduka.

Mimi niling'ang'ania tumbo la boti nikilia kama mtoto. Mgeni mmoja alikuwa karibu yangu. Wa pili wavu ulimshika miguu, anavutwa chini pamoja na jaketi lake. Benedikti alikuwa na kisu. Akazama, akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena. Mgeni akaachiwa. Wavuvi wakaja na mitumbwi wakatuokota watatu.

Benedikti hakuibuka. Walimpata siku ya tatu, amezongwa na wavu ule ule.

Ripoti ya mradi ilimwita kibarua, ikasema ni nguvu ya maji. Nikatia sahihi. Nilibaki na jambo hilo hadi arobaini ilipopita, likanishinda, nikamweleza Skola yote, kuanzia kwa Tekla mpaka kwenye nguzo.

Aliuliza kitu kimoja. "Alipokuita, ulimsikia?"

Nikasema, "Nilimsikia."

Vijana wangu, kama kazi yako ni stoo, andika stoo, na uandike kwamba hesabu zako hazijawahi kupotea. Mtu atakuja siku moja na karatasi yako mkononi, atataka ufanye kile ulichosema unakiweza, na anaweza kuja siku mbaya. Na kama kuna anayekusaidia kuiweza kazi, mtaje jina.

Anayetaka kuuliza aulize. Anayetaka kunilaumu anilaumu, nitasoma yote pole pole kwa macho haya niliyobaki nayo.

Neno lile moja nililomwambia Tekla lilimuua shemeji yangu Benedikti. Skola alirudi kwao na wanangu wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenisemesha tena.